Niruke miaka ya tisini au niifundishe? Jibu kwa mwalimu wa historia wa Lubumbashi

"Nafundisha historia darasa la tatu la humanite (sekondari) hapa Lubumbashi, wanafunzi wa miaka 15 hadi 17. Tumefika kipindi cha 1990 hadi 2001: mwisho wa chama kimoja, Kongamano la Taifa, kufukuzwa kwa Wakasai mkoani kwetu, kuingia kwa AFDL (waasi wa Laurent-Désiré Kabila), vita vya 1998. Nina saa sita tu. Niliwaambia wakaulize nyumbani juu ya miaka hiyo. Msichana mmoja akarudi na habari ya babu yake aliyefukuzwa Likasi, akalala stesheni na watoto akingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, Kasai. Mvulana wa nyuma akasema kwa sauti: 'Walijitakia.' Darasa likalipuka. Kesho yake mzazi mmoja akaenda kwa prefe (mkuu wa shule) kulalamika kwamba nachochea ukabila. Prefe ananishauri nipite moja kwa moja hadi 1997. Wenzangu wanasema watoto hawa hawakuwa wamezaliwa, kwa nini niwatoneshe kidonda? Na mimi mwenyewe mama yangu ni wa Katanga, baba yangu wa Kasai. Nikifungua mdomo naonekana nimechagua upande. Nifanye nini?"

Mwalimu mwenzangu, ndani ya barua yako naona maswali matatu: kama ufundishe au uruke, namna ya kufundisha, na namna ya kujikinga wewe mwenyewe. La kwanza nalijibu mara moja: usiruke. La pili litachukua sehemu kubwa ya jibu hili. La tatu nitalifikia mwishoni, na sitakuficha kwamba hapo kuna mambo yanayomshinda mwalimu akiwa peke yake.

Nianze na hoja ya wenzako, maana huisikia karibu kila chumba cha walimu: watoto hawakuwa wamezaliwa. Mtazame yule mvulana wa nyuma. Alizaliwa miaka mingi baada ya Wakasai kulala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, lakini neno "walijitakia" lilimtoka kinywani likiwa tayari, hakulitafuta. Alilikuta nyumbani, au kwenye simu, au barabarani wakati wa kampeni, kwa kuwa kila uchaguzi unapokaribia maneno ya 1992 hufufuliwa mjini humu. Yule msichana naye, si wewe uliyemwambia kwamba babu yake alifukuzwa. Ukiruka, hawabaki bila somo la miaka ya tisini. Wanabaki na lile walilopewa kwao, kila mmoja na lake, bila tarehe, bila sababu, na bila mtu wa kuwauliza "umejuaje?"

Wenzako lakini wana haki kwa jambo moja. Kazi ile ya nyumbani ilikuwa hatari, na ni vizuri ujue kwa nini, usije ukadhani kosa ni mada yenyewe.

Ulipowaambia "kaulizeni juu ya miaka ile", uliwatuma watoto bila swali maalumu. Mtu mzima akiulizwa hivyo hatoi habari, anatoa hukumu: tulionewa, au walituonea, au walizidi. Mtoto akaja nayo darasani akiwa ameibeba kama mali ya babu. Na kwetu hakuna kijana mwenye adabu anayempinga mzee mbele ya watu, wala anayekubali mzee wake apingwe. Tangu hapo darasa halikuwa na nafasi ya kuchunguza chochote. Lilikuwa na nafasi ya kulinda tu. Ongeza kwamba watoto wa miaka 16 ndio wanaotafuta wako upande gani wa dunia. Swali la "nini kilitokea 1992" wao wanalisikia kama "wewe ni wa nani?" Mtu akiulizwa hivyo mbele ya wenzake thelathini au hamsini, hajibu kwa kufikiri.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulitoa swali kwenye kabila na kulipeleka kwenye uamuzi. Nani aliamua nini, lini, akijua nini, akiogopa nini, akitegemea kupata nini. Kabila haliamui kitu. Gavana anaamua, mkuu wa stesheni anaamua, jirani mwenye lori anaamua, kijana wa miaka 19 aliyepewa pombe na rungu naye anaamua. Mwanafunzi anaweza kuhukumu uamuzi wa mtu bila kumhukumu babu yake, na anaweza kugundua, wakati mwingine kwa mshangao, kwamba watu wa kabila lake hawakuamua kitu kimoja.

Ila huwezi kuanzia hapo. Ukifungua saa ya kwanza na treni za Likasi, darasa litagawanyika kabla hujaandika tarehe ubaoni. Anza na fedha.

Nyumba nyingi za Lubumbashi bado zina noti za zaire, ndani ya kopo au katikati ya Biblia. Omba moja, hasa ile ya zaire milioni tano. Ipitishe mkononi kwa mkononi, waishike, waone sifuri zake na uso wa Rais Mobutu. Kisha andika ubaoni mambo manne. Zaire ilipozaliwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mwishoni mwa 1992 ikatolewa noti hii ya milioni tano. Étienne Tshisekedi, kiongozi wa upinzani, akasema si fedha halali, wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa mishahara kwa noti hizo wakaingia barabarani Kinshasa kupora na kuua. Balozi wa Ufaransa alikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya laki moja.

Halafu waache wahesabu. Faranga moja ya 1998 ni zaire za zamani ngapi? Jibu ni bilioni mia tatu, na utaona kazi ya kupanga sifuri ilivyo ngumu hata kwa wale wa hisabati. Waulize: mwalimu aliyekuwa na akiba ya kununulia nyumba mwaka 1989, mwaka 1994 aliweza kununua nini kwa akiba ile ile? Gunia la unga? Kilo moja?

Kuna sababu ya kuanza hivi, mbali na kwamba vijana wanapenda noti. Katika darasa lako hakuna mtoto ambaye ukoo wake haukupoteza akiba. Baba wa Katuba alipoteza, baba wa Bel-Air alipoteza, Mkasai alipoteza, Mkatanga alipoteza. Unawapa msiba wa wote kabla hujafika kwenye msiba uliowagawa. Mimi ningetumia saa nzima hapo bila wasiwasi, hata kama prefe atauliza umegeuka lini kuwa mwalimu wa uchumi.

Kutoka kwenye fedha unaingia Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na hapo mkoa wetu unajisimulia wenyewe. Katika miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji wote ulikuwa chini ya tani 50,000. Watoto wa leo wanaona bomba refu la kiwanda na mlima wa taka za madini wakidhani ni mapambo ya mji. Waeleze kwamba kampuni ile ilitoa mshahara, nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga. Ilipoanguka, mtu alipoteza vyote kwa mpigo. Baba aliyekuwa na hakika ya kila kitu akawa hana hakika ya bukari (ugali) ya jioni, na ndipo lile swali baya likaanza kupata wasikilizaji: kazi iliyobaki inaliwa na nani?

Hapa sahihisha dhana ambayo hata walimu wengi wanayo, kwamba Wakatanga na Wakasai "wana chuki ya tangu kale". Hawana. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na kampuni ya reli ya BCK ziliajiri wafanyakazi wengi kutoka Kasai, na reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 ikarahisisha safari. Kampuni ilipendelea nani, ikampa nani ukarani na nani sururu, huo ulikuwa uamuzi wa ofisi za Wabelgiji. Wajukuu wa walioletwa walizaliwa Likasi, wakaoa Kolwezi, wakazikwa Lubumbashi. Malalamiko ya wenyeji kwamba vyeo vilishikwa na wageni yalikuwepo kweli, tangu kabla ya Uhuru, na usiyafiche. Mtoto wa Katanga asiyesikia malalamiko ya babu yake yakielezwa kwa haki hatakusikiliza katika mengine. Lakini malalamiko ni kitu kimoja, na kumtoa jirani ndani ya nyumba ni kingine. Kati ya hivyo viwili lazima mtu aje kuunganisha.

Kuna tukio moja linaloivunja hadithi ya chuki ya kale kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1991 vyama vikubwa vya upinzani viliungana dhidi ya Mobutu. Ndani ya muungano huo walikaa pamoja UDPS ya Tshisekedi, mtu wa Kasai, na UFERI ya Nguz Karl-i-Bond na Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wa Katanga. Meza moja. Kisha, Novemba 1991, Nguz akakubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na Kyungu akawa gavana wa mkoa ulioitwa Shaba wakati huo. Agosti 1992 Kongamano la Taifa likamchagua Tshisekedi kuchukua nafasi ya Nguz. Waulize vijana: nani alifaidika muungano ule ulipovunjika? Waache wabishane. Jina la Mobutu litatajwa, lakini usiwaruhusu waishie hapo, kwa sababu Mobutu hakuja Likasi kugonga mlango wa mtu.

Sasa ndipo unafika kwenye 1992 na 1993, na hapa nenda polepole.

Tenganisha ubaoni yaliyothibitika na yanayojadiliwa. Yaliyothibitika hayapigiwi kura. Gavana na watu wa chama chake walihutubia mikutano na kuwaita Wakasai "bilulu", yaani wadudu. Vijana wa tawi la chama, JUFERI, walishambulia nyumba na watu. Vurugu zilianza Lubumbashi, zikaenda Likasi, mwaka 1993 zikafika Kolwezi. Watu laki kadhaa waliondoka; wengi walikaa stesheni wiki au miezi wakingoja treni, na wengine, watoto hasa, walikufa pale pale au njiani. Mwalimu anayesema "pande zote mbili zina ukweli wao" juu ya mambo haya hajawa mwadilifu, ameogopa. Yanayojadiliwa ni mengine: Kinshasa ilihusika kiasi gani, nani alipanga na nani alifuata mkumbo, hali ya kazi ilichangia kiasi gani, kwa nini mitaa fulani ilitulia na mingine haikutulia. Hapo wape uhuru wote wa kubishana.

Kisha toa watu wa kubuni, sita au saba, kila mmoja kwenye kikaratasi. Karani wa stesheni. Fundi wa Gécamines ambaye msimamizi wake ni Mkasai na cheo chake kitabaki wazi akiondoka. Mama mwenye nyumba ya kupanga. Kijana asiye na kazi aliyeahidiwa nafasi akijiunga na JUFERI. Padri wa parokia ambayo ua wake umejaa watu. Mwalimu mkuu ambaye nusu ya walimu wake hawakuja kazini Jumatatu. Mwanamke wa Katanga aliyeolewa na mtu wa Kasai, ambaye kaka zake wanamwambia arudi nyumbani na awaache watoto kwa baba yao. Kila kikundi kipewe mtu mmoja na maswali yale yale: katika Septemba 1992 huyu anajua nini, hajui nini, ana milango mingapi ya kutokea, na kila mlango unamgharimu nini?

Onyo moja, na naomba ulichukue kwa uzito: wasiigize. Najua michezo ya darasani inapendwa, na wakufunzi wa semina wanaisifu. Lakini usimwambie mtoto "wewe uwe JUFERI, wewe uwe Mkasai unayefukuzwa". Atakayefukuzwa kwa mchezo mbele ya wenzake ataitwa jina lile hadi amalize shule, na atakayefukuza atagundua kwamba kuchekwa na kushangiliwa kunapendeza. Wazungumze juu ya mtu wa kikaratasi kwa nafsi ya tatu, "yeye", wakiwa wamekaa.

Pia usimsimamishe mtoto yeyote kuwa msemaji wa kabila lake, hata kwa nia njema. "Wewe uliye wa Kasai, tuambie" ni sentensi inayomgeuza mwanafunzi kuwa maonyesho. Yule msichana tayari ametoa zaidi ya alichodaiwa. Mwite pembeni, mshukuru, mwambie habari ya babu yake ni ushahidi, na muulize kama anapenda itumike tena au ikae. Akisema ikae, ikae.

Na yule mvulana? Kishawishi ni kumwaibisha, na darasa lingekupigia makofi. Ila ukimwaibisha umemwaibisha aliyemfundisha neno hilo, na ataenda kumwambia jioni hiyo hiyo. Darasani, lichukue neno lake kama dai linalohitaji ushahidi, kwa sauti ya kawaida: "Walijitakia, akina nani? Msimamizi wa kazi? Muuza nyanya? Mtoto wa darasa la pili? Walifanya nini, na tutajuaje?" Mara nyingi neno la namna hiyo haliwezi kusimama likishaulizwa "akina nani". Baadaye, mkiwa wawili, muulize amelisikia wapi na kwa nani. Usishangae ukikuta nyuma yake kuna babu aliyenyimwa cheo kwa miaka ishirini. Hiyo nayo ni historia, na ana haki ya kuileta mezani bila kuitumia kufunika ile ya msichana.

Kazi ya nyumbani unaweza kuirudia baadaye, ukibadilisha maswali. Waulize juu ya vitu: gunia la unga lilikuwa bei gani, ulikwenda kazini kwa njia gani, shule ilifungwa siku ngapi, redio ilisema nini, ulimwona nani mara ya mwisho akiondoka mtaani. Mzee akiulizwa juu ya kitu hukumbuka kitu, na akikumbuka kitu huwakumbuka watu. Wanafunzi waandike bila kutaja majina ya familia. Wakileta, zisome wewe kwanza, uchague.

Sasa saa zilizobaki. Mauaji ya kampasi ya Kasapa, usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, yanafaa sana kwa somo la ushahidi. Siku kumi na saba kabla, tarehe 24 Aprili, Mobutu alikuwa ametangaza kule N'Sele mwisho wa chama kimoja, akatoa machozi. Kisha wanafunzi wa chuo kikuu chetu wakashambuliwa usiku. Serikali ilisema kwanza amekufa mmoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji ikataka uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, misaada ikasimamishwa. Usiwape vijana namba ya kukariri. Waulize kwa nini hatuna namba: nani alikuwa na uwezo wa kuhesabu usiku ule, nani alikuwa na sababu ya kupunguza, nani ya kuongeza, na familia zilizokosa mtoto zilipeleka malalamiko wapi. Waliokuwa mabwenini walikuwa wakubwa kwa miaka michache tu kuliko wanafunzi wako. Somo hili lina faida nyingine: waliouawa na walionusurika walitoka mikoa mingi, kwa hiyo mazungumzo hayagawanyi darasa kama 1992. Ningeliweka kabla yake.

Kongamano la Taifa, kuanzia Agosti 1991 hadi Desemba 1992, mwishowe chini ya Askofu Mkuu Monsengwo, linaweza kuchosha vijana kama litafundishwa kwa majina ya tume. Wape jambo moja: kwa mara ya kwanza watu walisikia wakubwa wakiulizwa hadharani mali ilikwenda wapi, na walipofungiwa Kongamano Wakristo waliandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, wakapigwa risasi. Inatosha.

Kwa 1996 na 1997, wakumbushe kwamba muongo huu haukuwa mmoja kwa nchi nzima. Sisi tulipokuwa na treni, Goma na Bukavu zilipokea zaidi ya watu milioni moja kutoka Rwanda mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu Goma. Kutoka huko ndiko vita vilianza, na AFDL ikateka mji baada ya mji: Bukavu mwisho wa Oktoba 1996, Goma siku chache baadaye, Lubumbashi tarehe 9 Aprili 1997. Wanafunzi wengi hawajui kwamba Laurent-Désiré Kabila alijitangaza rais tarehe 17 Mei akiwa hapa hapa mjini kwetu. Wanajua zaidi juu ya kadogo, yaani watoto-askari, na hapo watasikiliza bila kulazimishwa, kwa sababu kadogo wengi walikuwa wa umri wao au chini yake. Kama darasani kuna mtoto aliyekimbia kutoka Kivu, kumbuka kwamba kwake hii si historia bado. Mwarifu mapema utafundisha nini na siku gani.

Vita vya 2 Agosti 1998, mkataba wa Lusaka wa Julai 1999, kifo cha Kabila 16 Januari 2001: nusu saa na ramani. Ni vita vikubwa mno kwa saa moja, na ukijaribu kuvifundisha vizuri utaua yote yaliyotangulia. Waambie wazi kwamba mnavipita, na kwamba watavikuta mwaka ujao.

Nirudi kwako. Kuwa na mama wa Katanga na baba wa Kasai unakuona kama udhaifu. Usikutangaze, wala usikufiche. Wakikuuliza, jibu kwa sentensi moja, kisha uwaambie wakuhukumu kwa ushahidi unaoleta. Hawatasahau kukupima, na sawa kabisa.

Kwa prefe, usiende na hoja ya uhuru wa mwalimu. Nenda na karatasi: mpango wa saa sita, malengo, orodha ya yaliyothibitika, sheria za darasa. Mwonyeshe kwamba kipindi hicho kimo katika programu ya taifa, na kwamba mpango wa kukiruka ndio utakaomletea inspekta. Mwalike akae nyuma saa ya nne, ile ya 1992. Prefe aliyekuwa darasani huwajibu wazazi kwa niaba yako. Asiyekuwepo huwasikiliza tu. Simu zizimwe na zikusanywe mlangoni siku hiyo, maana sentensi moja ya mwanafunzi ikikatwa na kutumwa kwenye kundi la mtaa inaweza kukufanya mchochezi kabla kengele haijalia. Majina ya watu taja ya viongozi wa umma tu, kwa yale waliyoyafanya hadharani. Familia za mtaani usitaje, hata kama kila mtu anazijua.

Nikuambie pia upande wa pili. Kuna wakati wa kuahirisha. Kama wiki hii kuna vurugu mjini, au kampeni imechafuka, au watoto wameanza kupigana nje ya lango, sogeza somo la 1992 mwezi mmoja mbele, na uandike tarehe mpya kwenye daftari la kazi. Kuahirisha bila tarehe ni kuruka kwa jina lingine. Na kama prefe atakukataza kwa maandishi, usipigane peke yako: fundisha fedha, Gécamines na Kasapa, ambazo hakuna mzazi atakayezipinga, na upeleke suala la 1992 kwa mshauri wa ufundishaji au inspekta wa historia ukiwa na mwalimu mwingine, ikiwezekana wa asili tofauti na yako. Mkifundisha wawili saa ile, hata bora.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mtoto akianza kutokuja shule baada ya somo, au akakosa usingizi, akatetemeka, akakaa kimya ambako si kawaida yake, akizungumza juu ya kulipiza kisasi au juu ya kutotaka kuishi, hilo si la mwalimu wa historia. Mpeleke kwa mshauri wa shule siku hiyo hiyo, na mzazi ahusishwe. Kama shule haina mshauri, ulizia hospitali yenye huduma ya afya ya akili, au wanasaikolojia kupitia kitivo chao pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi). Ukitishwa wewe, kwa simu au kwa mtu kukusubiri njiani, hifadhi ujumbe, mwambie prefe kwa maandishi, na usiingie darasani na mada ile mpaka uongozi wa shule umekutana na mhusika uso kwa uso. Yule mzazi aliyelalamika sidhani ni wa aina hiyo. Mwite. Mpe kiti, mwonyeshe ile noti ya milioni tano, muulize yeye aliipokea akiwa wapi. Barua kwa wazazi wengine itoke wiki moja kabla ya saa ya kwanza, yenye mistari michache, ikisema watoto watajifunza nini na kwamba hakuna atakayeulizwa kabila lake.